Askari na Nyumba Yake

Masomo: Kumbukumbu la Torati 20:5, Yoshua 22:1–9



Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Tarumbeta hulia, silaha za jadi na mashada ya maua huwekwa mnarani, na viongozi wa dini huitwa kuwaombea marehemu. Jambo hilo ni jema, nasi tusilipuuze. Lakini walio katika makaburi ya mashujaa wamekwisha kupata pa kulala, na Mungu awapumzishe kwa amani. Leo tungependa kuulizana juu ya askari yule mwingine, aliyekwenda vitani akarudi akiwa hai. Je, yeye analala wapi?

Wengine watasema kwamba swali hilo ni la Serikali wala halina nafasi katika gazeti la mtaa. Basi tufungue Biblia tuone. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20 Mungu anawapa Israeli sheria ya vita. Kabla jeshi halijatoka, maofisa wanaamriwa wawaulize watu: yuko nani aliyejenga nyumba mpya na hajaiweka wakfu? Huyo aambiwe arudi kwake, asije akafa vitani na nyumba yake ikaingiwa na mtu mwingine. Wengi wetu tumeupita mstari huo kama msafiri apitavyo kibao cha njiani. Hebu tusimame kidogo. Jeshi limekwisha kupangwa, adui yu mbele, na Mungu anaulizia nyumba! Maana yeye ajua kwamba kila askari ameacha mlango nyuma yake.

Tuje sasa kwa Yoshua, sura ya 22. Kabila la Reubeni, la Gadi, na nusu ya kabila la Manase walikuwa wamekwisha kupewa nchi yao ng'ambo ya mashariki ya Yordani. Hata hivyo waliacha wake na watoto wao huko, wakavuka mto kupigana ili ndugu zao nao wapate nchi. Walikaa vitani siku nyingi. Vita ilipokwisha, Yoshua aliwaita akawafanyia mambo matatu. La kwanza, aliwashukuru mbele ya watu kwa kuwa hawakuwaacha ndugu zao. La pili, aliwapa mali: mifugo, fedha, dhahabu, shaba, chuma na mavazi. La tatu, aliwabariki na kuwaruhusu waende kwao, kila mtu hemani kwake.

Shukrani, mali, na kwao. Tuyashike mambo hayo matatu, maana ndiyo mafundisho yetu ya leo. Shukrani isiyo na mali hupotea kama moshi wa jikoni. Na mali isiyo na kwao ni mzigo mtupu, kwa maana mtu mwenye mabati ishirini na asiye na kiwanja ataezeka nini?

Wapendwa, sisi wa Nachingwea na Ruangwa si wageni wa mambo ya askari. Vita vya kwanza vya dunia vilipita katika nchi hii yetu ya kusini. Mwezi wa Oktoba 1917 watu wengi walikufa Mahiwa, na mwezi uliofuata majeshi ya Wajerumani yakavuka Ruvuma. Nyuma ya kila jeshi walikuwako wapagazi, watu weusi kwa malaki, waliobeba risasi na unga vichwani na kufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Dar es Salaam jina la Kariakoo limebaki kuwakumbusha, na wengi wanaonunua bidhaa pale hawajui kwamba ni jina la kikosi cha wapagazi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Radhi hiyo ilikuja baada ya miaka zaidi ya mia. Lakini Daudi alikwisha kuweka amri zamani sana, katika kitabu cha kwanza cha Samweli 30:24, kwamba aliyekaa penye mizigo na aliyeshuka vitani wapate fungu sawasawa.

Katika vita vya pili zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Walifika Uhabeshi, Madagaska, hata Burma. Waliporudi, Nachingwea yetu ilikuwa karibu kuingia katika mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Wanajeshi wengi wa zamani wa Uingereza walikuja kufanya kazi katika mpango huo. Fedha nyingi zilimwagwa, reli ikajengwa toka Mtwara, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wazee wetu walijifunza hapo kwamba jambo likianza na mitambo kabla ya kuuliza udongo na watu, haliwezi kusimama.

Baadaye tukawapokea wapiganaji wa FRELIMO. Walifunzwa hapa hapa Nachingwea, pale Farm 17, mpaka nchi yao ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Na mwaka 1978, jeshi la Idi Amin lilipovamia Kagera, vijana wetu nao walikwenda. Wengine walikuwa askari wa kudumu. Wengine wengi walikuwa mgambo, waliochukuliwa vijijini wakiwa na jembe mkononi, wakapewa bunduki, na vita ilipokwisha mwaka 1979 wakarudishwa kwenye jembe lao. Wakati huo tulikuwa vijana wadogo, na tuliimba barabarani malori yalipopita. Tuliwapa shukrani, maana shukrani ilikuwa nyepesi kuitoa.

Sasa tukubalieni tuungame jambo moja, kwa sababu mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwingine.

Tulipokuwa tungali kazini, shule moja ya upande wetu huu ilikuwa na mlinzi wa usiku. Alikuwa mzee mwenye koti la kijeshi lililochakaa, tochi na filimbi. Kila asubuhi alitupigia saluti, nasi tukamwita Afande, tukicheka kidogo. Alifika zamu jua likiwa bado juu, na asubuhi hakuondoka upesi. Alikaa akifagia uwanja na kumwagilia miche. Tulimsifu sana. Tulipata hata kuwaambia wanafunzi mstarini: "Mtazameni mzee huyu, anavyoipenda kazi."

Mvua moja ya masika alishikwa na homa kali. Tukatafuta baiskeli ili apelekwe nyumbani, na mmoja wetu akamwuliza, "Baba, nyumba yako iko upande gani?" Mzee akanyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi hutoka zamu nikaingia zamu." Hapo ndipo tulipofahamu. Kwa miaka minne alikuwa akilala mchana nyuma ya stoo ya majembe. Mtu aliyelinda milango yetu usiku kucha hakuwa na mlango wake mwenyewe, na sisi tuliosoma tulikuwa tunauita umaskini wake bidii.

Habari yake ilikuwa fupi. Alikwenda Kagera kama mgambo, na pensheni ya askari hakuwa nayo. Aliporudi alikaa ukweni, kama ilivyo desturi yetu, Wamwera na Wamakua, ambao ukoo wetu huhesabiwa kwa mama. Mkewe akafariki. Nyumba ilikuwa ya watu wa mke, nao waliihitaji. Akaenda kwa wajomba zake. Lakini wajomba walikuwa wamehamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na kule kwa zamani palikuwa mahame, mikorosho ikiwa mikononi mwa wengine. Hakuna aliyemfukuza. Kila mlango ulifungwa kwa upole. Cheti chake cha jeshi alikihifadhi katika kopo la maziwa ya unga, kikiwa kisafi kama siku alipopewa.

Pengine mwafikiri kwamba baada ya kujua tulimjengea mara moja. Hasha! Tulikaa vikao. Shule ikasema ni kazi ya kijiji. Kijiji kikasema huyu ni mtumishi wa shule. Sisi wa Kanisa tukasema tungesaidia, lakini mzee ni Mwislamu, na huenda wenziwe wana mpango wao. Maneno hayo yalichukua mwaka mzima, na mwaka huo wote mzee alilala barazani. Mwishowe mama mmoja mjane, mkulima wa kawaida, alisimama katika mkutano akasema, "Kiwanja kiko kando ya nyumba yangu. Leteni miti." Vijana wakakata miti na fito, akina mama wakateka maji na kukandika udongo, wazee wakaezeka nyasi. Kazi iliyoshindwa na vikao vya mwaka ilikwisha kwa majuma mawili. Mzee aliishi humo miaka mitatu, akazikwa akitolewa mlangoni kwake mwenyewe, na masheikh na Wakristo walimsindikiza pamoja.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukifuatilia jinsi Serikali mbalimbali zinavyolishughulikia jambo hili, nasi tumeona kwamba fundisho la Yoshua linarudi kila mahali.

Twende kwanza Uganda. Mwaka 1992 Serikali ya huko ilianza kupunguza jeshi lake, ikaunda bodi maalum ya kuwasaidia askari walioachishwa. Kwa muda wa miaka michache zaidi ya askari 36,000 walirudishwa uraiani. Hawakuachwa mikono mitupu. Walipewa usafiri wa kwenda kwao wao na jamaa zao, fedha, mbegu, majembe, na mabati ya kuezekea nyumba. Hiyo ni kazi njema, na wenye hekima waliifikiri. Hata hivyo wako waliofika kijijini na bati lao wakakuta hawana ardhi. Wako pia wake za askari, waliooolewa mbali, ambao jamaa za mume hawakutaka kuwapokea. Serikali ilitoa mali. Kwao hakukuwa katika lori la Serikali.

Tuvuke Ruvuma sasa, kwa majirani zetu wa Msumbiji. Baada ya uhuru nchi ile iliingia katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, nao askari wetu wa Tanzania walikwenda kusaidia, na baadhi yao hawakurudi. Amani ilitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa zaidi ya askari 90,000 wa pande zote mbili waliweka silaha chini, wakalipwa posho ya miaka miwili ili waanze maisha. Lakini bunduki nyingi zilibaki zimefichwa vijijini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane wa Dayosisi ya Lebombo, wa Kanisa letu la Anglikana, lilianza mpango wa kubadilishana silaha kwa vifaa vya kazi. Mtu alileta bunduki akaondoka na majembe, au cherehani, au baiskeli, au vifaa vya kujengea. Unabii wa Isaya, kwamba panga zitafuliwa kuwa majembe, ulitekelezwa barazani mwa Kanisa bila makelele. Tuangalie jambo hili vizuri. Serikali na Umoja wa Mataifa walitoa posho. Kanisa lilifika pale posho isipofika, ndani ya nyumba ambamo mtu ameficha bunduki darini kwa sababu bado anaogopa jirani.

Hata nchi tajiri zina tabu hii. Marekani ni nchi yenye fedha na hospitali za askari, lakini mwaka 2010, katika usiku mmoja wa kuhesabu, walikutwa askari wa zamani zaidi ya 74,000 wasio na makazi. Wengi walikuwa na vidonda vya rohoni, wengine wamezama katika ulevi. Zamani mtu wa namna hiyo aliambiwa: acha pombe kwanza, pona kwanza, ndipo tukutafutie chumba. Wengi walishindwa mtihani huo wakarudi barabarani. Kisha Serikali yao ikatia nguvu utaratibu wa kutanguliza nyumba. Mtu hupewa hati ya kumsaidia kulipa kodi ya pango, na mhudumu wa kumfuata nyumbani kwake mara kwa mara ili amsaidie kupona. Mwaka 2024 hesabu ilikuwa imeshuka chini ya 33,000. Bado ni wengi, lakini ni pungufu ya nusu. Sisi tuliokaa miaka mingi darasani tunalielewa jambo hilo. Mtoto mwenye njaa hashiki hesabu, na mtu asiye na pa kulala hashiki mashauri mema.

Basi, tumeona nini? Tumeona kwamba Serikali inaweza kushukuru, na inaweza kutoa mali, na kwa mambo hayo yote mawili tunayo haki ya kuidai, na wajibu wa kuiombea. Lakini jambo la tatu la Yoshua, kumrudisha mtu hemani kwake, haliwezi kufanywa na ofisi peke yake. Kwao kwa mtu ni pale anapobishiwa hodi. Ni pale ambapo asipoonekana siku mbili mtu anauliza habari zake. Bati hutoka Serikalini. Hodi hutoka kwa jirani.

Hapa nchini tunao mfano ulio karibu sana. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, huzitambua kaya hizo kwa kuwashirikisha wanakijiji katika mkutano wa kijiji. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa majirani ndio wajuao nani hapati mlo. Lakini tufikiri: mtu anayelala nyuma ya stoo ni kaya ipi? Nani atamtaja? Asipotajwa na mtu mwenye mlango, mtu asiye na mlango haonekani. Mkutano wa kijiji ukiitwa, Wakristo wengi hubaki shambani wakidhani ni mambo ya siasa. Siku hiyo huenda ndiyo siku ambayo Bwana anatuhitaji tutamke jina moja tu.

Twajua pia kwamba wako wanaowaogopa askari wa zamani. Husema huyu ana kichaa, huyu mlevi, huyu hupiga kelele usiku. Tusome Yoshua 22 mpaka mwisho. Wale waliorudi kwao walijenga madhabahu kando ya Yordani, na ndugu zao wakadhani wameasi, wakajikusanya kuwapiga. Kwa bahati walimtuma kwanza Finehasi, mwana wa kuhani, akaulize. Alipouliza akakuta kwamba madhabahu ile ilikuwa ya ukumbusho tu, ili watoto wa pande zote mbili wasije wakasahauliana. Nusura damu imwagike kwa kukosa kuuliza! Anayepiga kelele usiku pengine anaita majina ya wenzake waliokufa. Tuulize kwanza.

Kwa hiyo tunaomba mtaa wetu ufanye mambo matatu, nayo hayahitaji mfadhili. Kwanza, kila jumuiya iandike majina ya wote wa eneo lake waliotumikia jeshi au mgambo, na wajane wao, Wakristo na Waislamu bila kubagua, na mbele ya kila jina iandike anapolala na hali ya paa lake. Pili, majina hayo yapelekwe kwa mtendaji wa kijiji kwa heshima na kwa barua, na yatajwe katika mkutano, ili Serikali ipate kufanya sehemu yake. Tatu, tusingoje majibu ya barua. Korosho zikisha kuuzwa, kabla mvua hazijakaza, kila jumuiya ichague paa moja iliezeke. Paa moja tu. Mwaka ujao lingine.

Wapo watakaosema, "Tutaanza vipi, nasi hatuna fedha?" Tunawajibu kwa maneno ya yule mama mjane, ambaye sasa naye amelala: kiwanja kipo, leteni miti.

Tukumbuke mwisho kwamba Bwana wetu mwenyewe alisema mbweha wana pango na ndege wana viota, lakini yeye hakuwa na mahali pa kulaza kichwa. Alizaliwa katika zizi kwa sababu nyumba ya wageni ilijaa, na alizikwa katika kaburi la kuazimwa. Yawezekana tumempita barazani asubuhi nyingi, naye akatupigia saluti, nasi tukamsifu kwa bidii yake.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyeulizia nyumba ya askari kabla ya vita, utusaidie tuiulizie baada ya vita. Uwape viongozi wetu moyo wa kukumbuka, na mikono yetu uipe haraka ya kutenda. Uwapumzishe wote waliokufa wakiwa mbali na kwao. Na yule anayelala nje usiku wa leo, umwongoze kwenye mlango wetu, nasi utupe neema ya kuufungua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.